Presha ya Harusi

Jumamosi, 5 Aprili

Nimewekwa ndani! Leo baada ya alasiri Somo yangu, Bi Mwanakheri, kungwi wa kunifunda, amekuja na kikapu chake cha liwa na singo za kunisugua ngozi, akafunga dirisha linaloelekea njiani, akaniangalia toka unyayoni hadi utosini, akasema, "Haya, mwari. Wewe na jua mumeshaagana mpaka harusi." Nimecheka mpaka nimepaliwa. Wallahi, mie Mwanatabu binti Boga, ambaye miaka yote hii nachora hina miguu ya mabibi harusi wa Likoni nzima, leo mwari ni mie! Wasichana wa siku hizi huwekwa ndani wiki moja, tena na simu mkononi. Somo amesema yeye hajui uari wa haraka haraka. Kwa hivyo nitakaa humu masika yote, na nisipoandika nitapasuka.

Harusi ni tarehe ishirini Juni, baada ya Idi kubwa. Bwana harusi ni Hashim, mpakia mizigo kiwanja cha ndege, kwao Bombolulu. Mrefu, mtaratibu, neno moja hulifikiria mpaka likapoa. Mie naongea ya watu wawili, basi tutafika.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Supu ya mifupa. Singo. Usingizi.

Jumapili, 13 Aprili

Leo wamekuja shangazi zangu na majirani kuniona. Vigelegele vilianzia mlangoni! "Hebu tazameni mashavu! Mwari amejaa! Amenawiri!" Shangazi mmoja amenibana shavu akasema uso huu ni wa mtu aliyetulia. Somo kanyoosha shingo kwa fahari, maana mwari akinenepa sifa ni za somo. Nalishwa asubuhi mahamri, mchana mchuzi wa papa mkavu, jioni supu ya chumvi ya mawe, na kila nikisema nimeshiba naambiwa mwari hana kushiba.

Nami nimefurahi, nisiseme uongo. Pete ya uchumba haitoki tena kidoleni, ndiyo raha hiyo. Ila kichwa chanigonga hapa nyuma ya shingo kila nikiamka. Nimemeza vidonge vya maumivu, vile vya dukani kwa Mama Judy, nikalala tena.

Jumatano, 16 Aprili

Nimetoka nje! Imamu wetu hafungishi ndoa mpaka wachumba wapimwe, kwa hivyo Somo kanivika buibui na ninja ya kuziba uso, akanishika mkono tukaenda dispensari. Hashim alikuwa keshafika, kakaa kwenye benchi na shati jeupe. Tumesalimiana kwa macho tu na moyo wangu ukaruka.

Muuguzi ni Sista Roseline, mtu wa bara, hana mchezo. Kabla hajatoa damu humfunga kila mtu kile kitambaa cha presha. Hashim alikuwa sawa. Mimi alinipima, akanipima tena mkono wa pili.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Mia moja sitini na nane kwa mia moja na nane. Hii si ya msichana wa miaka ishirini na sita. Kichwa hakikuumi?"

Kabla sijafungua mdomo Somo kadakia. "Sista, huyu ni mwari! Mchumba wake yuko hapo nje, kwa nini moyo usimwende mbio? Hii ni presha ya harusi."

Watu wote kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka. Sista Roseline hakucheka. "Atarudi wiki ijayo nimpime tena. Na tena. Presha ya juu kwa kijana lazima iwe na mahali imetoka."

Damu zetu zote mbili ni safi, alhamdulillahi!

Alhamisi, 17 Aprili

Mama kapiga marufuku mtu yeyote kuniambia habari mbaya, nisipandishe presha. Paa la jikoni lavuja, wote wanakinga maji kwa sufuria, na mlio wa matone wananiambia ni wa kuku.

Jumatano, 23 Aprili

Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na kumi. Sista Roseline kanipa kikopo cha mkojo, lakini Somo alikuwa keshasimama mlangoni. Njiani akafoka: "Mwari kutoa mkojo mbele ya watu! Presha huja na mawazo, na dawa ya mawazo ni kuolewa." Nyumbani kanipa maji ya kitunguu saumu. Nimenuka mpaka paka kanihama.

Nami nimemwamini, kwa sababu humu kwetu presha ni nini kama si mawazo? Mtu akifiwa ana presha, mtoto akifeli mtihani mamake ana presha, timu ikifungwa wanaume wote wa mtaa wetu wa Bofu wana presha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yaweza kutoka mahali.

Ijumaa, 25 Aprili

Nitaandika polepole, nisiache kitu.

Leo kaja Nasreen, shoga yangu na mwenzangu wa kazi ya hina, kunijaribia michoro ya harusi. Kanikalisha, kaweka mguu wangu juu ya paja lake. Kabla ya kuchora, huwa twaukandamiza mguu kwa kidole gumba ili ngozi inyooke. Nasreen kakandamiza juu kidogo ya kifundo, akatoa kidole, akabaki anatazama.

"Mwanatabu. Njoo uone."

Pale alipobonyeza pamebaki shimo. Shimo kabisa, ungeweza kutia hina ndani. Akabonyeza pembeni yake, shimo la pili. Hayakurudi upesi. Akajibonyeza mguu wake mwenyewe: hakuna kitu.

"Huku si kunenepa, shoga," akasema, tena kwa sauti ndogo. "Haya ni maji."

Nimeiangalia miguu hii kila siku nikiisifu! Mimi ambaye kazi yangu ni miguu! Nikaenda kwenye kioo, nikajibonyeza shavu. Nikakumbuka mikono ya shangazi zangu ikinibana hapo hapo na vigelegele juu. Hasira zimenipanda. Nimemwita Mama, Mama kamwita Somo, Somo kasema ni mvua, miguu yote huvimba masika. Nikamwambia, "Somo, shikamoo yako naitoa kila asubuhi na nitaendelea kuitoa, lakini Jumatatu nakwenda kutoa mkojo huo, hata kama ni katikati ya soko."

Kaondoka kanuna. Sijali. Najali kidogo.

Jumatatu, 28 Aprili

Sista Roseline alichovya kijiti kwenye kikopo, kikabadilika rangi mbele ya macho yangu. "Protini. Nyingi," akasema. "Sasa tunajua pa kuangalia. Ni figo."

Figo? Nilimwambia kiuno hakijawahi kuniuma. Akajibu, "Figo hazipigi kelele, dada. Presha ndiyo imekupigia kelele, mkaiita ya harusi." Kaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ng'ambo ya feri. Kaniuliza nameza nini, nikataja vidonge vya kichwa. Kanishika bega: "Hivyo usiguse tena. Vinaumiza figo zaidi."

Yaani kichwa chauma kwa sababu ya presha, presha yatoka kwa figo, nami kila siku nazipiga figo ili kichwa kitulie! Nimecheka mwenyewe njia nzima, kicheko kibaya.

Ijumaa, 2 Mei

Tumevuka feri alfajiri, mimi na Baba. Baba ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, lakini leo alinishikia mwavuli njia yote na yeye akarowa.

Daktari anaitwa Lewa, mwanamke, mtu wa Kaloleni, anacheka kwa urahisi. Nilimuuliza moja kwa moja, "Daktari, ni presha iliyoharibu figo au ni figo zilizoleta presha?"

"Kwako naona figo zilianza," akasema. "Lakini sasa zinaumizana. Mama yako huchuja tui kwa kitu gani?"

"Kwa kifumbu."

"Haya. Figo ni kifumbu cha damu. Kikitoboka, kinachotakiwa kubaki kinapita, ndiyo hiyo protini kwenye mkojo. Na figo ikiumia, chumvi na maji hubaki mwilini, ukavimba, presha ikapanda. Presha ikipanda, ni mtu anakikamua kifumbu kilichotoboka kwa nguvu zaidi. Kazi yangu ni kumlegeza mkono huyo mkamuaji."

Baba akauliza swali lake moja tu la siku: "Na ya mashine?" Alikuwa na maana ya kusafishwa damu. Jirani yetu wa zamani alikwenda kwenye mashine hizo mpaka akafa, na tangu hapo Bofu mtu akisikia figo husikia mazishi.

"Sijui bado," akasema daktari. "Nipeni mpaka Jumanne."

Nimetolewa damu, nimepigwa picha ya figo. Nimeanza vidonge viwili, cha presha na cha kutoa maji.

Jumapili, 4 Mei

Mvua, mvua. Nimekojoa kuliko mvua.

Jumanne, 6 Mei

Alhamdulillahi, alhamdulillahi, alhamdulillahi!

Daktari Lewa alifungua majibu, akayageuzia kwetu ingawa hatuelewi kitu, akasema figo zangu bado zinafanya kazi kiasi cha asilimia sitini. Hakuna mashine! "Tumeliwahi," akasema. "Wengi hunijia zimebaki kumi." Baba alitoka nje mara moja, kasema anaangalia mvua.

Kisha daktari akafunga mlango. Akaniambia kidonge hiki cha presha kinalinda figo pia, lakini mimba nacho haviendi pamoja, kitamdhuru mtoto. Nisishike mimba mpaka figo zitulie: mwaka, pengine miwili. Ndipo atanibadilishia dawa, na tutajaribu huku akinichunga. "Mchumba wako anajua?"

"Bado."

"Mwambie kabla hujawa mke wake."

Hapo ndipo furaha yangu ilipoingia mchanga. Mtu aolewe Juni, na mama mkwe aanze kuhesabu Julai. Hashim ni mtoto wa kiume pekee kwao.

Jumatano, 7 Mei

Kelele humu ndani! Mama kalia. Somo amesema nikinyamaza hakuna atakayejua, mke hunywa vidonge chumbani na mimba ikichelewa husemwa ni kudra. "Mwari hana ugonjwa, mwanangu. Ukisema hili, huolewi, wala nduguzo wadogo hawataolewa, watasema ni la ukoo."

Nikamuuliza, "Na mchuzi wa chumvi wa huko ukweni nitaula vipi, Somo? Na akina mama wakinipa dawa za miti za kutafuta mtoto, nizinywe?"

Baba, ambaye haingilii mambo ya wanawake, kasema kutoka ukumbini, "Mpeni simu mwanangu."

Jumamosi, 10 Mei

Nimempigia Hashim. Nimemwambia yote, protini, kifumbu, vidonge, miaka miwili. Nimesema haraka mpaka pumzi zikaniisha. Kule upande wa pili, ndege inapaa. Kisha akasema, "Nimesikia," akakata.

Nimesikia! Ndio neno gani hilo la kumwachia mtu?

Jumatatu, 12 Mei

Kimya.

Jumanne, 13 Mei

Kimya. Nimegombana na Mama kuhusu chumvi, nimegombana na Nasreen kuhusu piko, ile rangi nyeusi ya michoro, ningegombana na kuku lakini wamejificha mvua.

Alhamisi, 15 Mei

Amekuja! Saa nne asubuhi, mvua inamwagika, nikasikia mtu akikohoa nje ya dirisha langu lililofungwa. Somo alikuwa chumbani akinipaka liwa. Tukatazamana.

"Mwanatabu," ikasema sauti ya Hashim. "Nilikwenda kwa huyo daktari wako. Sikutaka kujibu kitu nisichokielewa."

"Ukaelewa?"

"Nikamfanya arudie mara tatu. Mimi niko. Mtoto atakuja wakati wake, au hatakuja. Mimi nimekuposa wewe."

Wallahi nilipiga kigelegele mwenyewe! Mwari hapigi vigelegele vyake, lakini nani angenizuia? Somo kaziba uso kwa leso, nami namjua, alikuwa analia.

Halafu Hashim akaongeza, kwa taabu, "Ila Mama amesema harusi iendelee kwa sharti moja. Jambo hili lisitoke. Wajomba wasijue, majirani wa Bombolulu wasijue. Anasema presha ni ya wazee na wenye mawazo, watu watasema tumeingiza mgonjwa nyumbani."

"Na wewe wasemaje?"

Mvua ikanyesha. "Ni mamangu," akasema.

Jumamosi, 24 Mei

Vituko! Maji yametoka, nimerudia mwili wangu. Pete inazunguka kidoleni, kichwa hakiumi, napanda ngazi nikiimba. Sasa hao hao shangazi walionipigia vigelegele nilipokuwa mgonjwa wamekuja leo, wakakaa safu nzima kama msibani. "Amekonda, maskini." "Kuna jicho hapa." Mmoja kaninong'oneza kama kuna mtu ninayemshuku. Fundi Dorothy, anayenishonea gauni, kalipunguza kiunoni akiguna.

Nimewaambia sijawahi kuwa mzima hivi tangu mwaka juzi. Wameitikia, "Inshallah," kwa sauti ya kumwitikia mgonjwa.

Jumamosi, 7 Juni

Idi kubwa. Nyama ya Mama bila chumvi, kwa ndimu na pilipili manga. Baba kala sahani mbili bila kusema neno.

Jumatatu, 16 Juni

Mia moja ishirini na sita kwa themanini! Protini imepungua nusu! Sista Roseline, yule yule asiyecheka, kaniita "bibi harusi" na akatabasamu. Lakini amesema nisibweteke. Napaswa kupimwa kila siku nyumbani, kwa sababu presha ikinirudia haitanibishia hodi.

Nimemuuliza, nyumbani nitapimwaje, na humo ndani niendako nimekatazwa kuumwa? Kasema hilo hana kijiti chake.

Nimewaza sana. Mwaka, miaka miwili, kidonge nikikimeza chooni, mkono wangu nikiupima mafichoni, na kila mwezi watu wakinitazama tumbo. Siogopi figo. Naogopa siku nitakayoshindwa kutoka kwenda kupimwa kwa sababu sina uongo wa kuaga nao.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika kabla hawajaja kunichukua. Hina yanifika viwikoni, Nasreen amejitahidi, miguu haina shimo hata moja.

Baada ya swala ya Ijumaa, wanaume walibaki msikitini kwa nikaha. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wetu na wao. Mamake Hashim alikaa mbele, dhahabu mpaka viwiko. Baba akaja na mashahidi wawili kuchukua idhini yangu. Wakasimama mlangoni, nami nimefunikwa leso.

"Mwanatabu binti Boga, umeridhia nikuoze kwa Hashim bin Athumani?"

"Abee, Baba. Nimeridhia."

"Na mahari yako wataka nini?"

Somo alikuwa amenifundisha: msahafu na seti ya dhahabu, useme taratibu. Lakini mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Hakuna anayemtajia, wala anayemkatalia isipokuwa mume.

"Nataka mashine ya kupimia presha," nikasema. "Ya mkononi, ya betri. Na msahafu."

Somo kaninyanyulia leso aone kama ni mimi kweli. Mamake Hashim alisimama, akakaa. Baba akarudia mbele ya mashahidi, neno kwa neno, akageuka akaenda zake msikitini, na hakuna mtu aliyethubutu kumzuia njia.

Kutoka kwetu mpaka msikitini ni kutupa jiwe, na kipaza sauti chasikika mpaka barabarani. Tukasikia khutba. Tukasikia Sheikh akisita: "Mahari ni... mashine?" Minong'ono ya wanaume. Kicheko mahali. Kisha Sheikh, mtu wa busara, akasema, "Bwana Hashim, waweza kusema tu, kwa mahari tuliyoafikiana. Yatosha kisheria."

Nikafumba macho. Hilo ndilo neno wanalosema wote. Angelisema, siri ya mamake ingesalimika, nami nisingemlaumu. Ningemlaumu. Hashim alikaa kimya, kile kimya chake cha kupoza maneno.

"Nimekubali kumuoa Mwanatabu binti Boga," kikasema kipaza sauti, Bofu nzima ikisikia, "kwa mahari ya msahafu na mashine ya kupimia presha. Ya mkononi. Ya betri."

Mimi sikupiga kigelegele. Wa kwanza alikuwa Somo.

Jumatano, 25 Juni

Bombolulu. Ningali bibi harusi wa fungate, sipiki wala sifagii. Mashine iko juu ya meza karibu na kitanda, Hashim ndiye anayenifunga kitambaa kila asubuhi, na husoma namba kwa sauti kuu. Mamake hajanisemesha tangu Ijumaa ila salamu.

Leo Hashim katoka kununua mkate. Mama mkwe kabisha hodi, kaingia, kafunga mlango. Nikainuka haraka, "Shikamoo, Mama." Hakuitikia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua bangili zake za dhahabu moja moja, akazipanga pembeni, akakunja mkono wa dera.

"Majirani washaanza kuniuliza watakuja lini kupimwa," akasema. "Nipime mimi kwanza, kabla hawajaja."

Nikamfunga kitambaa. Mkono wake ulikuwa baridi. Mashine ikavuma, ikakaza, ikalegea. Mia moja tisini na mbili kwa mia moja na kumi na mbili. Nikamsomea polepole, kwa sauti ndogo, maana nilijua asingetaka isikike nje.

Akaanza kuzivaa bangili zake, moja moja.

"Na huyo daktari wako," akauliza, "ni mpole?"